Kathy Flores

Kathy Flores (1955 – 21 Oktoba 2021) alikuwa mchezaji na kocha wa raga kutoka Marekani. Alicheza nafasi ya nambari 8, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuvaa jezi ya timu ya taifa ya nchi hiyo, na mwaka 1991 alishinda nayo Kombe la Dunia la kwanza la raga ya wanawake. Baadaye aliifundisha timu hiyo katika Kombe la Dunia la 2006 na la 2010, kisha akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Brown. Anahesabiwa kati ya waasisi wa raga ya wanawake nchini Marekani.

Kuingia katika raga

Flores alianza kucheza mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa katika Chuo Kikuu cha Florida State. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na kwa sababu hiyo milango ya michezo ya vyuoni ilianza kuwafungukia wanawake. Raga, hata hivyo, haikuwa na timu rasmi za vyuo. Ilichezwa katika klabu ambazo wanafunzi waliziendesha wenyewe: walitafuta uwanja na kocha, wakachangishana nauli za kwenda kucheza ugenini. Wengi wao walikuwa wametoka katika michezo mingine na walikuwa hawajawahi kuugusa mpira wa raga. Florida State ilikuwa miongoni mwa klabu zenye nguvu za kizazi hicho, na hapo ndipo Flores alipojijengea jina.

Nafasi aliyocheza inataka nguvu na akili kwa pamoja. Nambari 8 hukaa nyuma kabisa ya skramu, pale ambapo fowadi wanane wa kila upande husukumana kugombea mpira. Mpira ukishafika miguuni pake, yeye ndiye huamua kama atauokota na kukimbia nao mwenyewe au atamwachia mwenzake aupeleke kwa mabeki. Kwa hiyo humbidi aisome safu ya wapinzani huku mwili wake ungali ukisukuma. Wachezaji wa nafasi hii huzoea kuuona mchezo kutoka pande zote mbili, wa fowadi na wa mabeki, na elimu hiyo humfaa sana mtu atakayekuwa kocha.

Timu ya taifa

Mechi ya kwanza ya kimataifa ya timu ya wanawake ya Marekani ilichezwa Novemba 1987 mjini Victoria, Kanada. Marekani iliwashinda wenyeji 22–3, na Flores alikuwemo katika kikosi hicho. Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya raga ya wanawake, kati ya Uholanzi na Ufaransa mjini Utrecht, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Aprili 1991 timu 12 zilikutana Wales kwa Kombe la Dunia la kwanza. Mashindano hayo yaliandaliwa na wanawake wachache wa klabu ya Richmond ya London, wakiwemo Deborah Griffin na Sue Dorrington, bila idhini ya bodi ya kimataifa ya raga ya wakati huo. Wachezaji wa Marekani walijigharamia safari. Waliwafunga Uholanzi 7–0 na Umoja wa Kisovyeti 46–0, wakaitoa New Zealand 7–0 katika nusu fainali, kisha tarehe 14 Aprili wakaishinda Uingereza 19–6 katika fainali kwenye uwanja wa Cardiff Arms Park. Katika mechi tatu za kabla ya fainali hawakuruhusu hata pointi moja.

Ushindi huo haukuwaletea mishahara wala mikataba, na ilipita miaka mingi kabla bodi ya kimataifa haijayaingiza mashindano ya 1991 katika orodha ya makombe rasmi. Mabingwa walirudi nyumbani kwenye kazi zao za kila siku. Heshima waliyostahili ilichelewa mno, na ucheleweshaji huo ni dosari katika historia ya raga duniani.

Ukocha

Flores alihamia California, na huko jina lake likaungana na la Berkeley All Blues, klabu iliyotwaa ubingwa wa taifa mara kadhaa chini ya uongozi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikabidhiwa timu ya taifa.

Wakati huo mataifa kama New Zealand na Uingereza yalikuwa yameipita Marekani kwa maandalizi. Wachezaji wa Flores hawakuwa wa kulipwa, na walitawanyika katika nchi pana ambako kambi moja ya mazoezi ilimaanisha safari ndefu za ndege. Hata hivyo timu yake ilimaliza ya tano mwaka 2006 mjini Edmonton, na ikashika tena nafasi hiyo mwaka 2010 nchini Uingereza. Katika kikosi cha 2006 alikuwemo Patty Jervey, aliyekuwa mwenzake uwanjani mwaka 1991 na ambaye sasa alikuwa akicheza Kombe la Dunia la tano. Alikuwemo pia Phaidra Knight, ambaye kama Jervey aliingizwa baadaye katika Ukumbi wa Umaarufu wa World Rugby.

Baadaye Flores alihamia Chuo Kikuu cha Brown, katika jimbo la Rhode Island. Mwaka 2014 chuo hicho kiliipandisha raga ya wanawake kutoka klabu ya wanafunzi hadi timu rasmi ya chuo, yenye bajeti yake na kocha wa kuajiriwa. Mwanamke aliyeanza raga kwa kujichangia nauli sasa aliwaongoza wasichana waliotambuliwa na chuo chao kuwa wanamichezo kamili.

Urithi

Flores alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 66. Mchango wake mkubwa ni kwamba aliyoyajua hakuyaacha uwanjani. Aliyafundisha katika klabu, katika timu ya taifa na chuoni kwa miongo kadhaa. Marekani ilishindwa katika fainali za 1994 na 1998, na hadi leo kombe la 1991 ndilo pekee ililowahi kulitwaa. Mwaka 2033 nchi hiyo itakuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la raga ya wanawake kwa mara ya kwanza.