Twisti ya Magharibi mwa Kenya Iliyotua London

Twisti ya Kiafrika ni muziki wa gitaa uliotamba nchini Kenya katika miaka ya 1960, wakati nchi ilipopata uhuru na vijana wakashika usukani wa burudani. Jina lilitoka Marekani, ambako Chubby Checker aliivumisha dansi hiyo mwaka 1960. Lakini mapigo yake yalikuwa yamekomaa zamani katika vijiji vya Waluhya, na ni haki historia iseme hivyo waziwazi.

Gitaa lilienea magharibi mwa Kenya baada ya Vita Vikuu vya Pili, mikononi mwa askari waliorejea na vibarua wenye mshahara. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Barabara inayotoka Kitale na kupita Kiminini kuelekea Webuye iliyaunganisha mashamba hayo na Bungoma na Kakamega, na walioenda kutafuta kazi walikwenda na nyimbo zao. Bungoma penyewe Wabukusu walikuwa na litungu, ala ya nyuzi ya tangu jadi, kwa hiyo vidole vilivyozoea nyuzi havikuwa haba.

Mtindo uliozaliwa magharibi mwa Kenya uliitwa omutibo, na bingwa wake alikuwa George Mukabi wa Kisa, aliyeimba “Sengula Nakupenda”. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikachezea nyuzi nyembamba, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Kando yake aliketi mwenzake na chupa tupu ya Fanta. Chupa za wakati huo zilikuwa na mistari iliyozizunguka. Ukiikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma, ilitoa mlio mkavu uliobeba wimbo mzima bila ngoma. Kwa kijana asiye na fedha za kununua ala, huo ulikuwa ukombozi. Mukabi aliuawa mwaka 1963.

Mwaka 1959 Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa mashuhuri kutoka Katanga, alifika Nairobi na kusikika redioni katika matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana waliomsikia waliongeza maarifa yake juu ya yale waliyokulia nayo. Redio ndiyo iliyofanya kazi kubwa: wimbo uliorekodiwa Nairobi uliweza kusikika Kiminini bila bendi kupanda gari.

Kitovu cha muziki huo mjini kilikuwa studio ya Equator Sound ya Charles Worrod. Bendi yake ilimkutanisha Fadhili William, mwana wa Taita aliyeirekodi “Malaika”, na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Humo pia alikuwamo Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 na wazazi wa Kiluhya. Kabaka aliuchanganya mkono wa omutibo na mwendo wa kwela ya Afrika Kusini, akaimba kwa Kiswahili chepesi ambacho kila kabila lilikielewa. Akaitwa mfalme wa twisti. Yeye na John Nzenze, mwimbaji wa “Angelike”, walikuwa ndio kwanza wametimiza miaka ishirini na kitu. Hakuna mzee aliyewapa ruhusa ya kuubadilisha muziki wa nchi.

Mavazi yalifuata. Suruali za kubana, kisha zile pana chini ambazo Watanzania waliziita bugaluu, na sketi fupi za mini alizozivumisha Mary Quant wa London, ziliwagawa wazazi na watoto kote Afrika Mashariki. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania, ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ukapiga marufuku mini, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Uganda ya Idi Amin ilizipiga marufuku mini mwaka 1972. Mzigo wa amri hizo uliwaangukia wasichana kuliko wavulana, na hilo lilikuwa dhuluma.

Wakati wazee wakilalamika kwamba vijana wanaiga Uingereza, Uingereza nayo ilikuwa ikichota huku. Mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes iliurekodi upya “Helule Helule” wa Kabaka, nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za Uingereza. Hao hawakuwa wapigaji wa vichochoroni: mwaka 1962 kampuni ya Decca iliwachagua wao na kuwakataa Beatles. Vijana waliokuwa wakiibadili London walicheza wimbo wa Kenya, na wengi wao bila kujua ulikotoka.

Katika miaka ya 1970 benga na rumba ya Kongo zilitawala kumbi, twisti ikarudi nyuma. Omutibo haukufa. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola wa Bunyore, kwa jina la Abana ba Nasery, waliendelea na magitaa mawili na chupa ya Fanta, na mwaka 1992 lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ikatoa albamu waliyoirekodi pamoja na wanamuziki wa huko. Fadhili William alifariki Februari 2001, na Daudi Kabaka akamfuata Novemba mwaka huohuo.