Uwanja wa Mazoezi: Kibera, Kawangware na Elimu ya Kuigiza

Mameneja wa makampuni wanaoketi siku hizi katika maghorofa ya Upper Hill, Nairobi, na kufungua kompyuta zao ili wajifunze usimamizi wa miradi kwa kuendesha mradi usiokuwepo, wenye fedha za kubuni na hata maradhi ya kubuni yanayomlaza fundi siku ile ile anayohitajiwa, aghalabu hawana habari kwamba Kibera, iliyo mwendo mfupi kutoka hapo, iliingia katika daftari za serikali kwa ajili ya kazi ya namna hiyo hiyo: ilikuwa uwanja wa jeshi kuigizia vita.

Wanubi, ambao wazee wao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha waliochukuliwa na afisa Mwingereza, Lugard, karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, walipewa idhini ya kukaa katika msitu wa Kibera na jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1918 eka 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Askari walifanya mazoezi huko, wakimshambulia adui asiyekuwepo, ilhali waliostaafu walikuwa na nyumba zao za udongo humo humo, wakilima na kufuga, na baadhi ya wake zao wakipika pombe kali iliyopata sifa Nairobi nzima, sifa ambayo dini yao ya Kiislamu haikuifurahia. Lakini makazi hayo yalikuwa ya hisani tu. Usimamizi wa ardhi ulipotoka mikononi mwa jeshi mwaka 1928 na kukabidhiwa serikali ya kiraia, Wanubi walibaki bila hati, na hati ya jumuiya yao, ya eka 288, haikutoka hadi mwaka 2017.

Wala si ajabu mazoezi ya Kibera na yale ya mameneja kufanana, kwani haya ya pili nayo asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande na dadu, chini ya mwamuzi. Na mwaka 1956 American Management Association ilitunga mchezo wa namna hiyo kwa wakuu wa biashara, hesabu zake zikifanywa na kompyuta ya IBM. Kwetu sisi fikra hiyo ilikuwa imekwisha kufika kwa njia nyingine. Jeanes School, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, iliwapokea walimu pamoja na wake na watoto wao, ikawakalisha katika nyumba ndogo zenye bustani, ili waishi katika kijiji cha mfano kabla ya kwenda kuvirekebisha vijiji vya kweli. Hapo hapo, mwaka 1961, kikaanzishwa chuo cha kuwafundisha watawala wa nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru.

Kawangware nayo ina historia yake, na huko mafunzo hayakuwa ya kuigiza. Ilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, ikaingizwa katika mipaka ya jiji wakati wa uhuru, na wenye mashamba, maadam walikuwa na haki ya milki, wakajenga vyumba vya kupangisha. Mwenye ploti alimwita fundi, akapatana naye kwa mdomo, akanunua mbao na mabati kidogo kidogo kadiri kodi ya vyumba vya kwanza ilivyoingia. Na kijana wa mjengo, aliyeanza kwa kubeba maji na kukoroga zege, akawa fundi baada ya miaka ya kutazama, kutumwa na kufokewa. Kipimo kikikosewa hapo hakifutwi kwa kubonyeza kitufe: ukuta hubomolewa, na saruji iliyopotea hukatwa katika ujira wa mtu, ambaye mara nyingi ni yule kijana.

Kibera ilipata mradi wake mkubwa kwa mapatano ya mwaka 2003 baina ya serikali na UN-Habitat: wakazi wa sehemu yake ya Soweto Mashariki wahamie Lang'ata kwa muda, mtaa wao ujengwe upya, kisha warudi. Katika karatasi hatua hizo zinafuatana bila taabu. Uhamisho ulianza Septemba 2009, baada ya maneno mengi na kesi mahakamani, na katika nyumba za vyumba vitatu kila familia ikapewa chumba kimoja, jiko na choo vikiwa vya shirika. Baadhi yao walikipangisha chumba kwa watu wengine, wakarudi mabandani.

Katika programu za mazoezi, wadau huwa ni tarakimu inayopanda na kushuka kama kipimajoto cha mgonjwa. Lau watungaji wake wangeniuliza, ningewaomba wamwingize humo mama wa Soweto anayepiga hesabu kati ya kodi ya chumba kile cha Lang'ata na faida atakayopata akikipangisha kwa karani wa mjini, anayeuliza pia ni nani atakayesafisha jiko la familia tatu, kisha wampe meneja siku tatu za kazi za kumjibu.