Mabati yenye matundu matatu

Mwaka jana, kabla mvua kubwa hazijaanza, tulibadilisha paa la nyumba tunamokutania vijana hapa Ediofe. Nyumba yenyewe ni ya mzee mmoja Mlugbara ambaye anatuachia ukumbi wake kwa kodi ndogo. Paa lilikuwa limechoka kabisa. Mvua ikinyesha tulikuwa tunasukuma mabenchi yote upande mmoja, na bado daftari zinalowa.

Pesa ya mabati mapya tulichanga kwa miezi mingi. Ugomvi haukuja kwenye mapya, ulikuja kwenye yale ya zamani. Vijana wenyeji walisema yauzwe chuma chakavu kwa kilo. Sisi wengine tukasema yapo yanayofaa bado, apewe mama mmoja Mkongo anayepanga karibu, jiko lake halina paa. Kijana mmoja akajibu, "Wakimbizi wana UN yao." Alisahau kwamba mkimbizi anayeishi mjini hapati mgao kama aliyeko Rhino Camp au Imvepi. Siku hiyo tuliachana vibaya.

Kesho yake fundi alianza kushusha. Akaweka bati moja chini, akalitazama, akaniita. "Hebu ona. Hili limeezeka nyumba tatu." Mgongoni mwa bati kulikuwa na mistari mitatu ya matundu. Mstari mmoja ulikuwa na misumari yetu. Mingine miwili ilizibwa kwa lami, na nafasi kati ya tundu na tundu hazikulingana. Bati likipigwa msumari linafuata mbao za nyumba ile. Ukilihamisha kwenye nyumba nyingine, mbao ziko mahali pengine, basi unatoboa upya. Kwa hiyo matundu ni kama mihuri kwenye hati ya kusafiria. Mabati ya namna hiyo yalikuwa 12.

Kabla sijasema mzee alitueleza nini, tuangalie bati lenyewe limetoka wapi. Sisi tuliotoka Kongo tunaliita manjanja, hapa wanasema bati, lakini kitu ni kimoja. Bati la mikunjo lilibuniwa London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari. Mikunjo ndiyo siri: chuma chembamba kikikunjwa hivyo kinakuwa kigumu, hakihitaji mbao nyingi chini yake. Shida ilikuwa kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata haki ya njia ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki inaliwa kwanza, chuma kinabaki salama. Zinki ikiisha, ndipo kutu inaanza, na mara nyingi inaanza pale bati linapolalia lenzake, maana maji yanakaa hapo, na kwenye tundu la msumari.

Huku West Nile nyumba zilikuwa za nyasi, na nyasi si jambo la aibu, zinapoza nyumba vizuri. Bati lilikuja na serikali na misheni. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yule yule aliyetawala Kongo. Alipokufa mwaka 1909 likapewa Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya. Wamisionari wa Comboni wakajenga Ediofe, na mwaka 1958 Arua ikawa jimbo la Kanisa Katoliki, kanisa kuu likiwa hapa hapa Ediofe. Ona, ndani ya miaka mitano mtu aliyekaa kwenye shamba lake moja bila kuhama alipita chini ya serikali tatu.

Mtu wa kawaida alipata bati kwa jasho. Vijana wengi wa West Nile walishuka kusini kukata miwa kwenye mashamba makubwa ya sukari, kama Kakira na Lugazi. Baba yake mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alirudi na pesa, akanunua mabati. Mabati ya siku zile yalikuwa mazito. Fundi wetu anasema ya leo ya geji 32 ukiyakanyaga vibaya yanabonyea. Hesabu ya geji ni kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba.

Huo ndio mstari wa kwanza wa matundu. Wa pili, mzee alitusimulia akiwa amekaa juu ya rundo la mabati yenyewe.

Idi Amin alipinduliwa mwaka 1979. Mwezi wa 10 mwaka 1980 waliokuwa askari wake waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali lilipokuja kulipiza, halikuchagua nani askari na nani mkulima. Watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliuawa ndani ya misheni ya Ombaci, karibu na mji, mahali walipokuwa wamekimbilia wakidhani ni salama.

"Nyumba zilivuliwa milango, madirisha, mabati," mzee alisema. "Baba akaona, kuliko waje wachukue, nivue mwenyewe." Walishusha mabati usiku, wakayafunga kwenye baiskeli, wakavuka mpaka kuelekea Aru. Mengine yalibadilishwa mihogo njiani. Hayo 12 yaliezeka kibanda chao huko kwa miaka, kwenye shamba la mwenyeji aliyewapa mahali. Waliporudi, waliyabeba tena. Mstari wa tatu ni wa Ediofe, nyumba hii.

Mimi nilinyamaza. Kwetu ni upande wa Aru. Bibi yangu alikuwa akituambia tukiwa wadogo kwamba shambani kwake waliwahi kukaa watu wa Uganda, wakimbizi, na kwamba walikuwa wakimsaidia kupalilia. Neno hilo, wakimbizi, nililisikia kwanza likisemwa juu ya watu wa huku. Nilipokuja mimi, likanigeukia. Sidai kwamba ni familia ya mzee huyu. Lakini njia ni ile ile, na wenzetu waliotoka Yei mwaka 2016 wanasimulia yale yale: nyumba kuachwa, bati kuondoka.

Yule kijana wa "UN yao" alikuwepo. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mwenyeji wa Aru aliwadai kodi?" Mzee akasema, "Hapana, mwanangu. Alitupa na jembe."

Sitaki kudanganya kwamba hapo wote tulikumbatiana. Bado wapo wanaosema tungeuza yote. Tulikubaliana hivi: yaliyooza yapimwe kwa kilo, pesa inunue misumari na kofia ya paa. Mabati 8 yenye nguvu yakaezeka jiko la yule mama, na kijana yule ndiye aliyeshika ngazi. Manne yaliyobaki tuliyaweka juu ya baraza ya ukumbi, matundu yakiwa yamezibwa kwa lami mpya.

Jikoni kwa mama, fundi alilazimika kutoboa tena, maana mbao za pale hazikulingana na zozote za zamani. Kwa hiyo sasa yale manane yana mistari minne. Mtoto atakayeyashusha siku moja atayahesabu, na naandika haya ili asikose mtu wa kumweleza.