Mama Wazee, Amani, na Majeruhi wa Vita

Kila mwaka taarifa ya Chama chetu huwa na hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, majina ya wanachama waliofariki, na habari za wagonjwa waliosaidiwa. Mwaka huu Kamati imeona vema iongezwe habari moja ya kale, nasi tuliopewa kazi ya kuiandika twawaomba wazee watuvumilie, maana mengi yaliyomo wao wanayajua kuliko sisi. Habari yenyewe ni ya mama wazee: jinsi walivyosimama kati ya watu wapiganao, na jinsi walivyowatunza wale waliorudi kutoka vitani wakiwa wameumia.

Sababu ya kuiandika ni hii. Katika daftari zetu za misaada mna majina ya askari wa zamani, na katika vikao vyetu husimama mara kwa mara mzee mmoja au mwingine kueleza babu yake alipigana wapi. Jambo hilo ni la heshima, wala hatulipunguzi. Lakini daftari hizo hazina jina hata moja la mwanamke aliyempokea askari huyo mlangoni, akamwosha kidonda, akamlisha miaka kumi au ishirini. Waliowafahamu wanawake hao wanazidi kupungua, na habari isiyoandikwa huenda pamoja na mwenye kuijua.

Nchi yetu ya Osiri, na Migori na Homa Bay kwa jumla, ina majirani wengi: Wakisii, Wakuria, Wamasai, Wakipsigis, na Abasuba ambao wengi wao leo husema Kijaluo. Palipo majirani wengi na ng'ombe wengi, ugomvi haukosi. Tena desturi yetu ya Kijaluo yakataza mtu kuoa katika ukoo wake mwenyewe, kwa hiyo kila mke alitoka mahali pengine, na mara nyingine alitoka kwa watu wale wale ambao wanaume wa boma lake walipigana nao. Akizeeka humu, huwa na wana na wajukuu upande huu, na ndugu na wapwa upande ule. Vita ikizuka, kijana huona adui. Yeye huona mtoto wa kaka yake. Twadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa amani ya mama wazee, wala si kwamba wanawake wameumbwa wapole kuliko wanaume, kama wasemavyo wengine. Wazee wanaomkumbuka nyanya yao akiwa na fimbo mkononi watatuunga mkono.

Vijana huenda hawajapata kusikia habari ya siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya mama mzee, aliyeitwa pim, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kufundishwa. Humo walijifunza hadithi, vitendawili, majina ya koo, na nani aweza kuolewa na nani. Wanahistoria walioichunguza desturi hii wameandika kwamba mara nyingi pim hakuwa mzaliwa wa boma lile, bali alitoka mbali. Basi mwalimu wa kwanza wa mtoto wa Kijaluo aliweza kuwa mtu aliyeijua nchi ya jirani, na watu wake, na wema wao. Mzee Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alipoandika kitabu chake cha mila zetu, Luo Kitgi gi Timbegi, mwaka wa 1938, aliona kwamba mambo mengi ya jinsi hii yalikuwa katika hatari ya kusahauliwa. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 80.

Katika mpaka wetu na Wamasai palikuwa na namna ya kufunga amani ambayo imeandikwa vitabuni, nasi twaieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa ni urithi wetu. Watu wa pande mbili, wazee, wanawake, vijana na watoto, walikusanyika mpakani. Matawi ya miti yalilazwa kama boma katikati, na wapiganaji wakaweka mikuki yao juu yake. Mbwa alichinjwa, akakatwa vipande viwili, na damu yake ikanyunyizwa mpakani. Ndipo mama wenye watoto wachanga wakabadilishana watoto: Mjaluo akamnyonyesha mtoto wa Kimasai, na Mmasai akamnyonyesha mtoto wa Kijaluo. Wapiganaji nao wakabadilishana mikuki. Mwisho wazee waliomba dua, na laana kubwa ikatamkwa juu ya yeyote atakayevuka mpaka ule kwa nia ya kudhuru.

Tuifikirie kazi hiyo ya kunyonyesha. Waliotoa ziwa walikuwa mama vijana, hilo ni dhahiri. Lakini katika boma la Kijaluo, mke kijana hakuweza kumtoa mjukuu wa watu akampe adui pasipo ruhusa ya mama mkwe wake. Sisi twaamini kwamba amani ile ilikubaliwa kwanza ndani ya nyumba za mama wazee, ndipo ikapelekwa mpakani. Tena waliowahi kunyonya ziwa moja wamekuwa kama ndugu, na kijana wa miaka 18 atakaye kwenda kuiba ng'ombe ng'ambo ya pili alikuwa na nyanya wa kumkumbusha jambo hilo kabla hajaondoka.

Vita ya mwaka 1914 ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Haikuwa na mpaka wa kulaza matawi, wala adui ambaye mama zetu walimfahamu. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka kutoka kusini wakaingia Karungu, wakafika hata Kisii, na tarehe 12 Septemba wakapigana na Waingereza hapo. Watu wa nchi hii, ambayo wakati huo iliitwa Kavirondo ya Kusini, waliona bunduki za Wazungu wawili zikielekezana katika mashamba yao. Baada ya hapo likaja jambo zito zaidi, nalo ni kuchukuliwa kwa wapagazi wa Kariakor. Mwaka wa 1917 John Ainsworth, aliyekuwa amekwisha kutawala Nyanza kwa miaka mingi, alipewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi kuliko mwanzo. Kwa hesabu za serikali yenyewe, zaidi ya watu 160,000 waliandikwa katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya, na zaidi ya 40,000 kati yao hawakurudi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, homa, kichomi, na unga ulioliwa haujaiva.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, wanawake wa Uingereza walikuwa wakifuma. Mwaka wa 1914 Malkia Mary aliwaomba wanawake wa nchi yake wafume soksi jozi 300,000 kwa ajili ya askari, na mama wazee, ambao macho yao hayakufaa kazi ya viwandani, wakashika sindano. Marekani nayo ilipoingia vitani mwaka 1917, Msalaba Mwekundu uligawa mifano ya kufumia, na mmoja wa mifano hiyo ulikuwa wa soksi ya kigutu, yaani soksi ya sufu ya kumvalisha mtu aliyekatwa mguu au mkono, ili mguu wa mti usimchubue. Sisi twaiona soksi hiyo kuwa kitu cha huzuni sana. Mama aliyeifuma alijua tangu kitanzi cha kwanza kwamba anamfumia mtu asiye na mguu.

Nyanya zetu hawakuletewa sufu. Mpagazi aliyerudi Osiri akiwa amekonda na tumbo limeharibika hakukuta hospitali ya jeshi, wala soksi, wala malipo ya ulemavu. Alikuta uji, dawa za mitishamba, mkeka, na mama. Na kwa yule asiyerudi, desturi yetu ina njia yake: mwili usipopatikana, huzikwa tunda la mwegea, ambalo kwa lugha yetu huitwa yago, kana kwamba ndilo maiti, ili marehemu awe na kaburi nyumbani na mjane wake ajulikane kuwa mjane. Yafaa kukumbuka makaburi hayo tusomapo taarifa iliyotolewa mwezi wa Aprili 2021 na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa katika vita ile au kwa sababu yake, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Jijini Nairobi pana sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka wa 1928 kwa heshima ya askari na wapagazi. Zote tatu ni za wanaume.

Vita ya pili ilipokuja, Waafrika wapatao 98,000 wa Kenya waliingia jeshini, na Wajaluo walikuwa wengi miongoni mwao. Jina la Keya, litokanalo na herufi za jeshi la King's African Rifles, bado limo katika lugha yetu. Wengine walifika Burma, ambako mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua na matope hata mto Chindwin. Wengine hawakufika: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Waliorudi walilipwa kwa kipimo cha rangi, Mwafrika akipata kiasi kama theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo kimoja. Fedha hiyo kidogo ilipokwisha, mlemavu alibaki kwa nani? Kila msomaji wa kijitabu hiki aweza kujibu kwa kutaja jina la nyanya yake.

Sindano za kufumia zilienea mikononi mwa mama zetu baadaye, vita ikiwa imekwisha. Mwaka wa 1952 Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, na vyama vyake vikafundisha kushona, kufuma, mapishi na usafi wa nyumba. Wapo waliosema kwamba ilikuwa njia ya kuwanyamazisha wanawake wakati wa Hali ya Hatari, na neno hilo lina ukweli wake. Lakini mwaka wa 1958 uongozi wake ulishikwa na Mwafrika wa kwanza, naye ni marehemu Mama Phoebe Asiyo wa Karachuonyo, binti wa nchi yetu hii, ambaye baadaye aliingia Bungeni na kutetea haki za wanawake hadi uzee wake. Mama waliokusanyika kufuma sweta za watoto wa shule walikuwa pia wamekusanyika kuzungumza, na hilo serikali ya kikoloni haikuweza kulifundisha wala kulizuia.

Uwezo wa mama mzee asiye na silaha ulionekana wazi Nairobi mwaka wa 1992. Tarehe 28 Februari mama kadhaa wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa shamba, mmojawapo Mama Monica Wangu Wamwere, wakiwa pamoja na marehemu Profesa Wangari Maathai, waliketi katika bustani ya Uhuru wakikataa kula mpaka wana wao wafunguliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa marungu na gesi ya machozi. Profesa Maathai alipigwa akazimia. Ndipo mama wengine wakavua nguo zao mbele ya polisi, vijana wa umri wa wana wao. Hapana haja ya kuwaeleza wazee wetu maana ya jambo hilo. Kwetu, kama kwa makabila mengi ya Kenya, mtoto akionyeshwa uchi wa mama yake kwa hasira amelaaniwa. Polisi wengine waligeuza nyuso zao. Mama hao wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa mwaka 1993 wafungwa karibu wote walikuwa wamefunguliwa.

Wala si Afrika peke yake. Tarehe 17 Oktoba 2005, katika mji wa New York, nyanya 18, baadhi yao wakiwa wamepita miaka 80, walikwenda kwenye ofisi ya kuandikisha askari wakaomba wapelekwe Irak badala ya wajukuu wao. Walikamatwa, wakashtakiwa, na tarehe 27 Aprili 2006 hakimu akawaachilia. Twacheka kidogo tusomapo habari hiyo, lakini kicheko hukatika tukumbukapo kwamba tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, na hasa baada ya shambulio la El Adde tarehe 15 Januari 2016, nyumba nyingi za Kenya zimepokea tena vijana walioumia, au majeneza yao.

Kwa hiyo Kamati imekubali kufungua daftari jipya. Kila ukoo waombwa kuleta kwa karani majina ya watu wake waliokwenda Kariakor, Burma, au vita yoyote ya baadaye, na pamoja na kila jina, jina la mwanamke aliyemtunza aliporudi, au aliyezika yago badala yake: jina lake mwenyewe, si la mumewe tu, na nchi alikozaliwa kabla ya kuolewa kwetu. Wasiojua kuandika wasione haya. Karani atakwenda kwao nyumbani. Twaomba waanze na mama wenye umri mkubwa kuliko wote, na wasingoje mkutano mkuu.