Nahodha, mwimbaji na daftari la madeni

 Huku Dubai kila kukicha kuna semina ya mameneja kuhusu namna ya kuwafanya wafanyakazi waipende kazi. Mimi nikisikia hayo nakumbuka majahazi ya lulu, maana mji huu uliishi kwa lulu miaka mingi kabla ya mafuta kugunduliwa mwaka 1966.

Kila kiangazi majahazi yalikaa baharini karibu miezi minne. Mkuu wa chombo aliitwa nakhuda, ndiye nahodha wetu huyo huyo. Chini yake walikuwapo wazamiaji (si wale wa kwetu wanaojificha melini kwenda Ulaya, hawa walizama kweli, jiwe mguuni na kibano puani) na wavuta kamba walioshika uhai wa wazamiaji mikononi. Halafu kulikuwa na nahham, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba. Aliwapa watu mwendo wa kuvuta makasia na kamba, wakasahau uchovu. Jamani, ni bosi gani wa leo anayeajiri mwimbaji?

Basi moyo wa kazi ulitafutwa tangu zamani. Shida ilikuwa kwenye daftari. Mshahara hakukuwa, kulikuwa na mgao wa mauzo baada ya kutoa gharama. Kabla ya msimu mzamiaji alichukua mkopo ili familia yake ipate kula. Hesabu ilishikwa na wakubwa, na wazamiaji wengi hawakujua kusoma. Deni lilivuka mwaka hadi mwaka, mara nyingi hata mtoto akalirithi.

Tena tusisahau, wengi katika vyombo hivyo walikuwa watumwa, na baadhi yao walitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mgao wao ulichukuliwa na bwana. Wapo waliotoroka wakaenda kwa wakala wa Waingereza kule Sharjah kuomba hati ya uhuru. Nyimbo walizisikia kila siku, na bado walitoroka.

Miaka ya 1920, jirani zetu wa Bahrain walifanya mageuzi: kila mzamiaji apewe kitabu chake cha hesabu. Manahodha wengi walipinga. Hebu jiulize, mtu mwenye hesabu safi anaogopa nini kitabu? Baadaye mdororo wa uchumi wa 1929 na lulu za kufugwa za Wajapani vikaimaliza biashara yenyewe.

Nchi hii ilianza mwaka 2009 kutaka mishahara ipitie kwenye mfumo wa benki unaokaguliwa na serikali. Lakini mazoea ya zamani hayafi haraka. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi tulikatiwa keki kila mwezi, ila ukiuliza hesabu ya saa zako za ziada unaambiwa huna moyo wa timu. Watu walikula keki, jioni wakaendelea kutuma barua za kuomba kazi kwingine.

Kwa hiyo ninyi mnaoongoza watu huko nyumbani, iwe duka la Kariakoo au shamba la mkonge Tanga, waimbieni wafanyakazi wenu, ni jambo jema. Lakini kwanza fungueni daftari. Mfanyakazi wako akiomba leo kuona hesabu yake, utamwonyesha?

Panapo majaliwa, tutaonana.