STILIHEDI: Samaki wa Kitotoleshi na wa Asili

Stilihedi ni trauti-upinde (Oncorhynchus mykiss) azaliwaye katika mito imiminikayo Bahari ya Pasifiki ya Kaskazini, ambaye hushuka baharini kunenepa kisha hurejea mtoni kutaga, tofauti na ndugu zake wa jinsi moja wasiotoka maji baridi, ambao miongoni mwao wamo waliopandwa katika mito ya Mlima Kenya zama za ukoloni. Mto Columbia ulipozibwa kwa mabwawa makubwa, hususan Bonneville (1938) na Grand Coulee (1942), na hili la pili lisiachiwe samaki njia yoyote, serikali ya Marekani ilitafuta fidia katika vitotoleshi, yaani vituo vya kuangulia mayai na kulea vifaranga.

Kushuka baharini

Kifaranga wa asili aghalabu hukaa mtoni miaka miwili, na wengine mmoja au mitatu, akijitafutia wadudu na kujificha chini ya mawe, hata majira ya kuchipua yafikapo mwili wake ukageuka rangi ya fedha, akaufuata mkondo. Mwenziwe wa kitotoleshi hulishwa chakula cha punje mpaka akafikia kimo cha kushuka baharini kwa muda wa mwaka mmoja tu. Kisha hupakiwa katika lori la tangi na kumwagwa mtoni mwezi wa Aprili au Mei, awe tayari au asiwe. Wasiokuwa tayari, na madume waliobaleghe mapema, hubaki palepale wakigombea riziki na wenyeji. Fauka ya hayo, stilihedi huujua mto wake kwa harufu ya maji yaliyomlea, na kwa hiyo aliyekuzwa kwa maji ya mto mmoja akaachwa katika mwingine huweza kurejea pasipo pake.

Wavuvi humtambua wa kitotoleshi kwa macho: pezi lake dogo la mafuta, lililo karibu na mkia, huwa limekatwa kabla ya kuachwa, na pezi la mgongoni aghalabu limelika na kupinda kwa kusuguana na zege na kuumwa na wenziwe. Gamba la samaki wa asili, likitazamwa kwa hadubini, huonyesha duara zilizobanana za kila majira ya baridi aliyoyavumilia mtoni, ilhali za yule mwingine zimeachana sawasawa, kama za mtoto asiyejua njaa.

Baharini wote hukaa mwaka mmoja hadi mitatu.

Kurejea na kutaga

Hapa ndipo ikhtilafu ilipo kubwa. Nasaba ya Chambers Creek, iliyoanzishwa katika jimbo la Washington miaka ya 1940, ilipatikana kwa kuchagua kila mwaka wazazi waliowahi kupevuka, ili watoto wao wapate muda wa kukua. Na matokeo yake ni kwamba samaki hao hutaga katikati ya baridi, hali wa asili wa mito hiyohiyo hungoja Machi hadi Juni. Mayai yaliyowahi hufukuliwa na mafuriko, na watoto watokao hukuta wadudu ni haba. Kitotoleshini hakuna jike achimbaye changarawe kwa mkia wala dume apiganiaye nafasi: mfanyakazi humkamua jike mayai ndani ya ndoo, akayamiminia shahawa za dume aliyemchagua yeye, na tabia ambazo mto ungezipima hupita bila mtihani. Stilihedi wa asili, tofauti na samoni wengi wa Pasifiki, aweza kurudi baharini baada ya kutaga. Aliyekamuliwa kwa kawaida huuawa.

Katika Mto Hood, jimbo la Oregon, samaki waliopanda walikamatwa kwenye bwawa la Powerdale na kutolewa gamba, na kwa kufuatisha nasaba zao kwa DNA, Hitoshi Araki, Becky Cooper na Michael Blouin waliandika mwaka 2007 katika jarida la Science kwamba uwezo wa kuzaa mtoni hupungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilelewacho kitotoleshini. Utafiti wa 2012 katika mto huohuo uliona kwamba wazazi waliofanikiwa kitotoleshini kuliko wenzao ndio ambao watoto wao walifanya vibaya zaidi mtoni.

Hali ya sasa

Mvuvi kwa kawaida huruhusiwa kumchukua aliyekatwa pezi, na asiyekatwa humrudisha mzima. Tangu 1997 jamii kadhaa za stilihedi zinalindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Bwawa la Powerdale liliondolewa mwaka 2010.