Gesi Iliyosubiri Chombo

Yapata kilomita 17 kusini mwa jiji la Tanga yako magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa ya pwani ilichomwa papo hapo pwani. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto, kisha wakaiachia mvua kazi ya kuilainisha. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa hutoa kilo 44 hivi za hewa ukaa, ile ile inayochemka ndani ya soda. Kwa karne nyingi ilipotelea angani, wala hakuna aliyeihitaji.

Wagema nao waliishi nayo. Tembo la mnazi likianza kuchacha hufanya povu, na kibuyu chake hakizibwi kwa nguvu, maana gesi itatafuta pa kutokea. Kwa hiyo gesi haikuwa ngeni Tanga wala Pangani. Kilichokosekana ni chombo cha kuishika, na hapo ndipo historia ya soda inapoanza hasa.

Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, Joseph Priestley aliweka maji juu ya pipa la pombe iliyokuwa ikichacha, akapata maji yenye kuchonyota ulimi. Mwaka 1783 Jacob Schweppe akayafanya biashara huko Geneva. Waliomfuata walipata gesi kwa kumwaga asidi ya salfuriki juu ya chaki au marumaru, mawe ya ukoo mmoja na matumbawe ya Tongoni. Shida ilikuwa kuizuia isitoroke. Mwingereza Hiram Codd alipata hataza mwaka 1872 kwa chupa iliyozibwa na gololi ya kioo: gesi yenyewe iliisukuma gololi juu mpaka ikabana shingo. Watoto walizivunja chupa hizo ili wachukue gololi, hasara kubwa kwa mwenye kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya Aerators ya London ikawa inauza Sparklets, vidonge vya chuma vyenye gesi ya kutosha chupa moja ya mezani. Mwaka 1903 Guy Gilbey, pia wa London, akaunda mashine ambayo kwayo mtu angeweza kujitengenezea maji ya soda nyumbani.

Wakati huo Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na vitu vya anasa vilitegemea meli. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, walijitengenezea wenyewe sabuni, dawa, chokoleti, hata wiski.

Soda ya watu wote ilichelewa. Coca-Cola ilianza kutiwa chupani Tanganyika mwaka 1952, na baadaye kiwanda cha Bonite cha Moshi kikawa jina kubwa la kaskazini. Pamoja na soda ulikuja utaratibu uliolea vizazi: huna chupa, huna soda. Kinywaji kilikuwa cha mnunuzi, chupa ya kiwanda. Mtoto alitumwa dukani na chupa tupu mkononi. Asiye nayo aliacha amana au alikunywa papo hapo kaunta, huku muuzaji akimwangalia. Kreti ya chupa 24 ilirudi kiwandani ikaoshwe na kujazwa upya. Kizibo peke yake ndicho kilichobaki mtaani, kikawa kete ya drafti. Utaratibu huu unastahili heshima kuliko unavyopewa: miongo kadhaa kabla ya semina za mazingira, wenye maduka wa Ngamiani, jijini Tanga, walikuwa wakirudisha vioo kiwandani kila wiki.

Gesi nayo ikapata chanzo cha karibu, ardhini. Nchini Kenya, kampuni ya Carbacid, iliyoanzishwa mwaka 1961, huichimba Kereita, Kiambu. Tanzania, TOL, iliyoanza mwaka 1950 na kuwa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huivuna Rungwe mkoani Mbeya, kwenye ardhi ya volkano. Huko Goma, Kongo, gesi hiyo hiyo hutuama mabondeni, huitwa mazuku, na huua mifugo na watu, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu.

Mtungi wa gesi umerithi desturi ya chupa: mtupu hurudi, uliojaa hutoka. Mwenye mashine ya soda ya nyumbani ana kimtungi cha gramu 425 hivi, na wapo wanaokijaza kutoka mtungi mkubwa. Kwanza kimtungi huwekwa kwenye friza. Kisha mtungi mkubwa, kama hauna bomba la ndani, hupinduliwa ili kitoke kimiminika badala ya mvuke. Vinaunganishwa, valvu inafunguliwa polepole, na kimiminika kinakimbilia kwenye chombo cha baridi kwa sababu shinikizo la huko liko chini. Geji haisaidii kujua kimejaa kiasi gani: maadamu kuna kimiminika ndani, shinikizo hubaki lile lile, takriban baa 57 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mizani ndiyo inayosema kweli.

Pwani ya Tanga hatari ya kukijaza kupita kiasi ni kubwa zaidi. Hewa ukaa ikivuka nyuzi 31 haikai tena kama kimiminika, na mchana wa Februari au Machi Tanga huvuka hapo. Kimtungi kilichojazwa kupita kiasi kikiwa baridi, kikiachwa kwenye gari juani, shinikizo hupanda mpaka kisahani cha usalama kipasuke. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hupima uzito kabla na baada, hupunguza kilichozidi mara moja, na hufanyia uani, mbali na chumba kilichofungwa.